Asali Imekuwa Nyepesi? Kwanza Uliza Imekaa Kwenye Joto Gani

Februari mteja wetu mmoja wa Mbagala alirudisha chupa akisema tumeongeza maji, kwa sababu asali ilikuwa inamiminika kama mafuta ya kupikia. Julai mteja mwingine, wa Makambako, akatutumia picha ya chupa iliyoganda nusu nzima, akauliza mbona tumemwekea sukari. Chupa zote mbili zilitoka kwenye mzigo mmoja wa Sikonge, Tabora.

Hatuwalaumu. Asali iliyochakachuliwa ipo sokoni, na mtu aliyetoa fedha yake ana haki ya kushuku. Lakini kwa asali, macho pekee hudanganya, na kinachoyadanganya zaidi ni joto.

Asali inapotoka kwenye nyuzi 20 za Selsiasi kufika 40, mnato wake, yaani ule ugumu wa kumiminika, hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Chupa iliyokaa dirishani Dar es Salaam mwezi Februari hufika huko bila shida. Uzito wenyewe, hata hivyo, hauguswi sana: lita moja inabaki na takriban kilo 1.4, tofauti ni gramu chache tu. Kwa hiyo asali inaweza kulegea kabisa bila kuongezwa hata tone la maji.

Sisi wenyewe tunalitegemea joto hili kazini. Asali ikitoka kukamuliwa huwa na vipande vya nta na mapovu ya hewa. Vyote ni vyepesi kuliko asali, kwa hiyo vinataka kuelea. Nguvu inayovisukuma juu ni karibu ile ile, kuwe na baridi au joto. Kinachobadilika ni njia. Asali ikiwa baridi, povu dogo hunasa katikati ya ndoo na kukaa hapo siku nyingi. Ikipata joto, linapanda. Ndiyo maana ndoo zetu hulala siku mbili tatu kwenye chumba chenye joto, kisha tunajaza chupa kwa koki ya chini na kuacha takataka zikielea juu. Ukiona utando mweupe kwenye shingo ya chupa, mara nyingi ni mapovu yaliyochelewa kupanda. Ila mapovu yakiendelea kuzaliwa, kifuniko kikavimba na harufu ikawa ya uchachu, hiyo inachacha. Irudishe.

Na ile njia ya kutambua asali halisi kwa kuidondosha kwenye glasi ya maji? Tunaomba muiache. Asali huzama kwa sababu ni nzito kuliko maji, lakini hata sharubati nzito ya sukari huzama vilevile. Ikiwa ya baridi itazama kama kamba, ikiwa ya moto itaanza kuyeyuka njiani, ingawa ni ile ile. Kipimo tunachokiamini ni refraktomita, kinachoonyesha kiasi cha maji. Kiwango cha kimataifa hakiruhusu kuzidi asilimia 20. Refraktomita nayo inahitaji kusahihishwa kwa joto, kwa hiyo hatupimi chupa iliyotoka juani muda huo huo. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni habari nyingine. Yenyewe ina maji mengi kwa asili, msiipime kwa jicho la asali ya nyuki wakubwa.

Kuganda nako si sukari ya dukani. Ni glukosi ya asali yenyewe inayojitenga na kuwa chenga, na hufanya hivyo haraka zaidi kwenye nyuzi 10 hadi 15, ambazo ndizo baridi za Njombe na Mbeya kati ya Juni na Agosti. Friji pia huiharakisha mwanzoni. Weka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 40, uyabadilishe yakipoa. Chupa ya nusu lita huchukua saa kadhaa. Usiiweke jikoni motoni: harufu ya maua ya miyombo hupotea, na hiyo ndiyo tunayoifuata Tabora.

Bado una wasiwasi? Leta chupa dukani. Tutaiacha ipoe kivulini, tuipime mbele yako, bila malipo. Maji yakizidi asilimia 20 na asali si ya nyuki wadogo, unarudishiwa fedha yako yote.