Python mbili kwenye laptopu moja: ile ya mfumo usiiguse

Unabofya aikoni ya terminali kwenye Ubuntu, duara linazunguka sekunde chache, kisha kimya. Ukijaribu kusasisha programu, unakutana na ujumbe huu: No module named 'apt_pkg'. Dalili hizi mbili zikija pamoja, usikimbilie kupiga window upya na wala usilaumu diski. Mara nyingi kuna mtu ameielekeza /usr/bin/python3 (amri ya Python ya mfumo) kwenye toleo lingine.

Ubuntu yenyewe inaitegemea Python, lugha ya kuandikia programu. Terminali inafunguliwa na skripti ndogo ya Python, na baadhi ya zana za apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu) ni hivyo hivyo. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, na 24.04 inakuja na 3.12, na zana hizo zimejengewa toleo hilo hilo. Ukiziwekea 3.8, zinatafuta maktaba zake na kuzikosa.

Kuokoa mashine ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 ili upate skrini ya maandishi, ingia kwa jina lako na nywila, kisha andika hivi kama una 22.04 (kwa 24.04 weka python3.12):

sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3
sudo reboot

Aliyeandika sudo apt remove python3 yuko pabaya zaidi, kwa sababu amri hiyo hubeba na dawati (desktop) zima la Ubuntu. Huyo tunamshauri ahifadhi mafaili yake kwanza, halafu mfumo upigwe upya.

Haja ya kuwa na matoleo mawili ni halali kabisa. Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, iliondoa maktaba ya distutils, ambayo Django 3.2 (mfumo wa kujengea tovuti) bado inaiita. Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliyerithi mradi wa namna hiyo anahitaji 3.10 au chini yake, huku kazi yake nyingine ikitaka 3.12. Dawa ni kuweka matoleo hayo pembeni ya lile la mfumo, ndani ya folda yako ya nyumbani. Sisi tunatumia pyenv, zana ya kusakinisha na kubadilisha matoleo ya Python.

Anza na vifaa vya kujengea:

sudo apt install build-essential curl git libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libffi-dev liblzma-dev
curl -fsSL https://pyenv.run | bash

Kisha ongeza mistari hii mwishoni mwa faili la ~/.bashrc, ufunge terminali na kuifungua tena. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini pyenv haionekani.

export PYENV_ROOT="$HOME/.pyenv"
export PATH="$PYENV_ROOT/bin:$PATH"
eval "$(pyenv init -)"

Sasa pyenv install 3.10.14. Msimbo wenyewe unaopakuliwa ni kama megabaiti 20 tu, kwa hiyo bando halitaisha hapo. Kinachochukua muda ni kuujenga: laptopu ya zamani yenye kori mbili itapiga feni dakika nyingi. Chomeka chaja, na hakikisha uniti za LUKU zipo, maana mashine ikizimika katikati unaanza upya.

Soma mistari ya mwisho kabla ya kushangilia. Ukiona onyo kwamba sqlite3 haikujengwa, Python itakuwa imeingia kweli, lakini Django itagoma siku utakayoandika migrate. Rudi uweke libsqlite3-dev, kisha pyenv install -f 3.10.14.

Ndani ya folda ya mradi:

pyenv local 3.10.14
python -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install -r requirements.txt

Amri ya kwanza inaandika faili dogo liitwalo .python-version, na kuanzia hapo ukiingia kwenye folda hiyo unapata 3.10 bila kuuliza. Nje yake hakuna kilichobadilika. Ukiwa na shaka, andika pyenv which python.

Folda ya .venv, inayobeba maktaba za mradi huo peke yake, usimpe mwenzako kwa flashi. Njia za mafaili zimeandikwa ndani yake kama zilivyo kwenye mashine yako, na kwake hazipo. Mpe requirements.txt, yaani orodha ya maktaba za mradi, atengeneze yake.

Kwenye Windows kazi ni nyepesi: sakinisha matoleo yote mawili kutoka python.org, andika py --list kuyaona, kisha py -3.10 -m venv .venv.

Python 3.8 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Oktoba 2024. Kwa kufungulia mradi wa zamani na kuusoma, sawa. Tovuti ya mteja iliyo hewani hatuiweki juu yake, hata mwenye tovuti akisisitiza.

Ukituletea mashine hapa Dodoma mjini, njoo na chaja, nywila yako, na folda ya mradi ikiwa na requirements.txt. Kama faili hilo halipo, lakini mradi bado unawaka kwenye mashine nyingine, washa .venv yake huko na uandike pip freeze > requirements.txt kabla ya kupanda daladala.