Kwa nini hatukupi miwani kabla ya kupima tansiyo ya jicho

Mwezi uliopita papa mmoja wa Kadutu alisimama penye benchi la kungojea la kliniki yetu ya macho hapa Bukavu, akasema mbele ya watu wote: «Nimekuja kuchukua miwani, nyinyi munanilipisha mashini!» Si wa kwanza. Tumeshaambiwa mara nyingi kwamba dola 10 zetu za kupima macho ni wizi, kwa kuwa soko la Nyawera miwani ya kusomea ni bei chini na hakuna anayekuchungulia jichoni.

Papa huyo alikuwa amekwisha kununua ya sokoni mara tatu, kila mara yenye nguvu zaidi. Tulimtia tone la ganzi na rangi ya manjano, akaweka kidevu kwenye mashini, tukawasha taa ya bluu. Anayepima huona nusu duara mbili za kijani. Anazungusha gurudumu polepole mpaka kingo zake za ndani zigusane, ndipo anasoma namba ya tansiyo, yaani presha ya maji ndani ya jicho. Kawaida ni 10 hadi 21. Jicho lake la kuume lilikuwa 38, la kushoto 34. Miwani gani ingetibu hiyo?

Ugonjwa huo ni glokoma: tansiyo inaharibu mshipa unaopeleka uoni kwenye ubongo. Ile ya kawaida haiumi. Inakula uoni kuanzia pembeni: mtu anagonga mlango kwa bega, anapiga teke kikombe cha mtoto sakafuni, anasema ni uzee. Kwa sisi watu weusi inaanza mapema na inakwenda mbio zaidi. Kilichopotea hakirudi, matone au operesheni vinalinda kilichobaki tu.

Duniani mtoto wa jicho ndiye anayepofusha wengi zaidi, na hapa kwetu pia wengi wanaoletwa wakishikwa mkono na mjukuu wana huo. Hao tunawapokea kwa moyo mweupe, maana lenzi iliyochafuka inatolewa, mpya inawekwa, mzee anaona tena. Lakini mwenye glokoma haletwi na mtu. Anakuja kwa miguu yake, anaomba miwani. Ndiyo maana hatumruhusu kupita bila mashini. (Wanaotoka vijiji vya kando ya mito ya kasi tunawauliza pia kama wanameza Mectizan, dawa ya usubi, ugonjwa wa inzi wa mtoni unaopofusha. Dawa hiyo hutolewa bure, msiikatae.)

Kinachotuuma kuliko vyote ni vichupa vya deksa. Mama mmoja wa Panzi alikuwa na kijana wa miaka 14 ambaye macho yalimwasha kila kiangazi, vumbi likizidi. Farmasi ikampa matone ya deksametazoni, dawa ya aina ya kotizoni, na baada ya siku mbili wekundu ukaisha. Nani asingenunua tena? Akanunua mwaka mzima, bila karatasi ya daktari. Kotizoni hiyo, kwa baadhi ya watu, inapandisha tansiyo, na mtoto hasikii maumivu yoyote. Alipotufikia, jicho la kushoto lilikuwa linaona mkono ukipita tu. Kichupa kilikuwa rahisi kuliko konsiltasio yetu, kweli. Sasa mama ananunua matone ya glokoma kila mwezi, na ataendelea.

Kwa hiyo ndiyo, dola 10. Humo mna kusoma ubao, tansiyo ya macho yote mawili, na kuangalia mshipa wa jicho baada ya kufungua mboni. Kile kichwa cha mashini kinachogusa jicho tunakisafisha kwa dawa baada ya kila mgonjwa, tunangoja, tunakisuuza, tunakikausha. Tukiruka hapo, ugonjwa wa mmoja tutampa mwingine. Hatutaharakisha kwa sababu foleni ni ndefu.

Papa wa Kadutu aliondoka na hasira na karatasi ya matone. Juzi amerudi: 20 na 19. Ndipo tukampimia miwani.

Ukija, leta vichupa vyote ulivyotia machoni, hata vilivyokwisha, hata vya jirani. Na usije ukiendesha piki: mboni ikifunguliwa, utaona ukungu kwa saa kadhaa.