Mfereji wa Mabogini una wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mfereji unaoleta maji kwenye majaruba yetu ya mpunga hapa Mabogini, Moshi. Nalima huku tangu nilipoolewa mwaka 1991. Jumanne iliyopita ilikuwa zamu yangu ya maji. Nilifika kwenye geti la kufungulia maji ya mfereji saa kumi na moja alfajiri na tochi, nikakuta maji yamesimama. Nilipoingiza mkono nikatoa nepi za watoto, chupa za plastiki, viroba, na mwisho godoro la sponji ambalo tulilivuta wanawake watatu mpaka likatoka. Kulikuwa kumekucha. Zamu yangu ilikuwa imebaki nusu, na dada anayelima chini yangu, ambaye mpunga wake una wiki mbili tu tangu aupandikize, siku ile hakupata maji kabisa.

Sitaki kumlaumu mtu kabla sijaeleza maji haya yanatoka wapi, maana nimegundua wengi wanaoishi kando ya mfereji hawajui. Maji ya mpunga huku bondeni yanatoka mto Rau na chemchemi za Njoro. Mto unashuka kutoka Uru, juu kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, unapita Msitu wa Rau. Msitu ule uko jirani kabisa na mji, lakini kuna watu wamezaliwa Pasua na Bomambuzi hawajawahi kuingia. Ndani kuna mivule mikubwa ya miaka mingi, na kuna msoo, mti ambao duniani unaota sehemu chache sana. Ukitoka kwenye jua la saa saba ukaingia chini ya miti ile, jasho linakauka mgongoni kabla hujafika mtoni. Na Njoro maji yanachimbuka yenyewe ardhini, hata kiangazi, wakati mito mingine imebaki mawe. Maji ya namna hiyo ndiyo yanayokuja kukutana na godoro.

Mradi wetu wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mifereji ikasakafiwa kwa zege, na mpango ulikuwa kumwagilia hekta 2,300, kati yake 1,100 za mpunga. Mavuno yalipoonekana, wenzetu wa juu nao wakaanza kulima mpunga, na hawakukosea, kila mtu ana watoto wa kulisha. Lakini maji hayakuongezeka. Tangu hapo tunaishi kwa zamu, na mwenye zamu akizibiwa kwa muda wa saa mbili, amekosa.

Mimi nimekulia Uru, kwa babu. Juu ya kihamba chetu ulipita mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, na maji ya usiku yalikusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la kuhifadhia, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Kila mwaka kabla ya kiangazi ulipigwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wanaume walipanda hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, sisi watoto tulifuata na vijembe kutoa majani na tope. Aliyekosa bila sababu alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na akiendelea kukosa maji yalipita kwake bila kusimama. Ila ninalolikumbuka zaidi ni kwamba hata wasiokuwa na shamba la kumwagilia walikuja, kwa kuwa mfongo ulipita mlangoni kwao na ng'ombe wao walikunywa humo.

Huku bondeni tumeachia wakulima peke yao. Kijana aliyepanga chumba mwezi uliopita kando ya mfereji, ametoka mbali, anaona maji yanakimbia anadhani ni mtaro wa mvua. Nani alimwambia kwamba chini kuna mpunga? Na gari la taka lisipofika mtaani, aupeleke wapi mfuko wake?

Ndiyo maana nawaomba wenyeviti wa mitaa na vijiji vyote ambavyo mfereji unapita wakae pamoja na sisi wakulima. Tupange Jumamosi moja kila mwezi, kila nyumba iliyo kando ya mfereji itoe mtu mmoja, mwenye nyumba au mpangaji. Viwekwe vizimba vya taka mbali na kingo, na vizolewe kweli. Na wanafunzi wa shule zetu wapelekwe Njoro na Msitu wa Rau, halafu watembee na maji mpaka kwenye jaruba, wayaone kwa macho. Mtoto aliyeyafuata hivyo atamkataza hata mama yake.

Sisi wanawake wa mstari wangu hatutangoja kikao. Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi tunaanzia kwenye lile geti lililozibwa, tunapanda kuelekea juu. Tuna makoleo manne na reki mbili. Mwenye kiroba kitupu aje nacho.

Mama mkulima wa mpunga,
Mabogini, Moshi