Kuhusu ile kazi ya Nairobi

Umoja, Nairobi
14 Juni

Wakesho mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikuambie uache kazi ya TSC, ya ualimu wa serikali, hapo Voi uje kwenye hiyo shule ya kibinafsi, au ubaki. Sikuambii. Nitakuandikia namna ya kuamua, na wala si ujanja wangu.

Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji huko Leeds, Uingereza, alikuwa na kibarua kama chako: Lord Shelburne, mwanasiasa tajiri, alimtaka aache kanisa akamfanyie kazi. Akamwomba ushauri Benjamin Franklin, aliyekuwa London. Franklin akamjibu kwamba la kufanya hawezi kumwambia, ila njia anayo. Piga mstari katikati ya karatasi, huku sababu za kukubali, kule za kukataa. Jaza kwa siku tatu nne, kadiri zinavyokujia. Kisha pima uzito: moja ya huku ikilingana na moja ya kule, futa zote mbili, mbili zikilingana na tatu, futa zote tano. Utaona mzani umelalia wapi. Priestley alikwenda, na mwaka 1774, akiwa kwa Shelburne, akaipata hewa tunayoiita oksijeni. (Hilo halithibitishi kwamba aliamua vizuri. Hata mlevi huvuka Jogoo Road salama.)

Naipenda karatasi hiyo, lakini ina pengo: inalikubali swali jinsi lilivyokuja. "Nije au nisije?" Na kuomba uhamisho wa TSC je? Na kuiuliza TSC kama utapewa likizo bila malipo? Kabla ya kupiga mstari wowote, tafuta angalau njia ya tatu.

La pili nililiona kwenye chama chetu cha kuweka akiba. Tulikuwa tumegawanyika, wengine wanataka matatu ya abiria 33, wengine ploti Kamulu, na kila mkutano ni kelele. Mama mmoja aliyestaafu kazi ya ukaguzi wa hesabu akatukataza kutaja matatu wala ploti. Kila mtu aandike kwanza, peke yake, anataka pesa hizi zimfanyie nini. Peke yake, maana mwenyekiti akishafungua mdomo sisi wengine huwa tunaitikia tu. Majibu yakaandikwa kwenye vikombe: mapato ya kila mwezi, thamani ya baadaye, urahisi wa kuuza. Mweka hazina akaomba kimoja kiandikwe "usingizi". Kila mtu akapewa maharagwe ishirini ayagawe, na mweka hazina akamimina kumi na mbili kwenye usingizi. Tulicheka sana, kisha tukaona na wengine wanasogea kwenye kikombe hicho hicho. Tulipokuja kulinganisha, matatu ilishinda kwenye mapato ya mwezi tu.

Hatukuishia hapo. Kuna zoezi ambalo Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandikia makala mwaka 2007: jifanye mradi umeshakufa, uandike umeuawa na nini. Watu wanaoona aibu kupinga wakiulizwa "mna wasiwasi?" hapo huandika bila kusita. Karatasi zetu zilisema: dereva haleti hesabu. Gari limelala yadi. Skwodi, yule dereva wa kushikia, amegonga mtu. Ploti ina hati mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupeleka kufanya sachi ya ardhi, yaani kuhakikisha mwenyewe ni nani, kabla ya kutoa hata shilingi ya deposti.

Sasa wewe. Gawa maharagwe yako kabla ya kuutazama tena ule mshahara, kwa sababu tarakimu ikishakaa kwenye karatasi hubeba uzito ambao hukuipa. Mwache Baba Mkamburi agawe yake chumba kingine, msichunguliane. Mkitofautiana sana, ongeleeni hiyo tofauti kwanza, ya shule yamalizeni baadaye. Halafu jifanye ni Desemba ya mwaka kesho, umeshahamia huku na mambo yameharibika; andika chanzo.

Na kabla ya yote hayo, waulize hao watu wa shule maswali mawili: mkataba ni wa muda gani, na wakiuvunja katikati ya muhula unalipwa nini. Wakijibu kwa mdomo, waombe waandike. Nipigie ukishapata.

Wako,
Njeri