Mhariri, langalanga ya Las Vegas ni Jumapili saa tatu asubuhi yetu

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Nakuru. Naandika hii barua Jumanne asubuhi, Novemba 14, 2023, kabla wateja hawajaanza kuingia, maana kazi yangu ni tairi, naziba panchari na kuweka upepo hapa kando ya barabara, na kuna jambo nimekuwa nikilingoja mwaka mzima na sasa limebakisha siku tano tu.

Wiki hii magari ya langalanga, yaani Formula 1, yanakimbia Las Vegas kule Marekani, na sio kwa uwanja wa mbio, ni katikati ya mji usiku, kwa barabara ile ile ambayo teksi na mabasi hupita kila siku wakipeleka watu kazini. Mzunguko mmoja ni kilomita 6.2, kona ni 17, wanazunguka mara 50, na kuna kipande kimenyooka karibu kilomita 2 mbele ya yale mahoteli makubwa ambapo inakisiwa gari zitafika spidi ya kilomita 340 kwa saa hivi. Barabara ya kawaida mhariri! Mimi nikipanda matatu kwenda Naivasha dereva akigusa 100 tayari wamama wanaanza kuomba.

Sasa nikuambie kwa nini mtu wa tairi kama mimi hii mbio imenishika kuliko zote za mwaka huu. Usiku wa Novemba kule jangwani ni baridi, joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo, yaani kama Kinangop alfajiri. Tairi za langalanga za barabara kavu ni kipara kabisa, hazina meno hata moja, zinashika lami kwa sababu mpira wenyewe ukipata moto unakuwa laini unanata. Ikiwa baridi hiyo mpira inakuwa kama ubao. Ndio maana Pirelli, wanaotengeneza hizo tairi, wamebeba zile aina tatu laini zaidi walizo nazo, na kabla gari itoke tairi zinafunikwa blanketi za umeme mpaka nyuzi 70. Lakini hata ukitoka na moto wako, ukienda zile kilomita 2 bila kona upepo unazipoza tena, na mwisho wa ile straiti dereva anatakiwa kukanyaga breki na kukata kona na ukuta wa zege uko hapo tu umemngojea. Juu ya hiyo lami ni mpya, imemwagwa mwaka huu huu, na kila mtu anayefanya kazi ya barabara anajua lami mpya hutoa mafuta mafuta siku za kwanza inateleza. Halafu hakuna dereva hata mmoja ambaye amewahi kushindana kwenye saketi hiyo, wote wamejifunza kwa kompyuta, Verstappen, Hamilton, Alonso na miaka yake yote, wote ni wanafunzi siku hiyo. Hiyo ndio kitu napenda kuhusu saketi mpya ya mjini, bingwa na mgeni wanaanza ukurasa mmoja.

Najua kuna watu watasema mbio ishaisha, Verstappen alishachukua ubingwa tangu Qatar mwezi uliopita na ameshinda mara 17 msimu huu. Ni kweli. Lakini wakumbuke Singapore mwezi wa tisa, hiyo pia ni barabara ya mjini na pia ni usiku, Red Bull, timu ya Verstappen, ambao walikuwa wameshinda kila mahali wakashikwa pale, Sainz wa Ferrari akashinda na Verstappen akamaliza wa tano. Barabara ya mji haina huruma na mtu yeyote. Na Perez wa Red Bull na Hamilton bado wanang'ang'ania nafasi ya pili, hiyo haijaisha.

Las Vegas wenyewe walishawahi kuwa na langalanga, 1981 na 1982, lakini ile ilikuwa kwa paking ya hoteli ya Caesars Palace, wakichorewa kona baada ya kona kwenye maegesho, mchana kwenye joto. Nelson Piquet alipata ubingwa wake wa kwanza hapo 1981 kwa pointi moja tu juu ya mpinzani wake Reutemann, alimaliza wa tano akiwa amechoka kabisa kwa sababu ya jua. Safari hii kinachongojwa ni baridi, na wametolewa paking wakawekwa barabarani kwenyewe.

Ila sitaki uone kama nimepofuka kwa mataa. Watu wa mji ule wamelalamika miezi mingi juu ya foleni na barabara kufungwa, na pale mbele ya hoteli ya Bellagio walikata miti ili wajenge jukwaa la watazamaji, hiyo iliniuma na naisema leo wakati sisi jana tu tulikuwa na likizo ya kupanda miti nchi nzima. Wapishi na wahudumu na wasafishaji wa vyumba wa yale mahoteli nao walitangaza wako tayari kugoma kabla ya wiki ya mbio, na wiki iliyopita kampuni kubwa za hoteli zikakubaliana nao. Nilifurahi sana kusoma hiyo. Anayetandika kitanda cha mgeni wa mbio naye alipwe vizuri.

Sasa ombi langu. Mhariri, gazeti likija Jumatatu langalanga hupewa mistari mitatu chini kabisa ya ukurasa wa nyuma, mshindi na pointi basi, na wakati mwingine saa zinazoandikwa ni za kule kule Ulaya mtu anakosa mbio. Wikendi hii ligi ya Uingereza imepumzika kwa ajili ya timu za taifa, nafasi ipo. Tunaomba ukurasa mzima, na tunaomba ratiba kwa saa zetu. Nimezipiga hesabu mwenyewe: mazoezi ya kwanza Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, kufuzu, yaani kupanga nani anaanza mbele, Jumamosi saa tano asubuhi, na mbio yenyewe Jumapili saa tatu asubuhi, wakati kule itakuwa bado Jumamosi saa nne usiku.

Na muandike langalanga, msiogope hilo neno. Ni letu. Karibu na Gilgil hapa chini palikuwa na saketi ya magari ikiitwa Langalanga enzi za mkoloni, na wazee wa hapa bado wanaijua. Afrika haijapata hii mbio tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993, Hamilton alitembea huku kwetu mwaka jana na amesema mara nyingi anataka irudi Afrika, na sisi ambao tunajipanga Soysambu kila Safari Rally hata kama ni vumbi tupu tunajua watazamaji wako. Lakini tutaonekana vipi kama hata magazeti yetu hayatuandikii?

Sisi huku tumejipanga. Jumamosi iliyopita stima ilipotea nchi nzima kwa hivyo mama wa hoteli ya jirani amekubali kuweka jenereta tayari, TV ni yake, bando tunachanga vijana wa tairi na wa bodaboda, chai na mandazi kila mtu anajilipia. Ibada ya kwanza kwetu inaanza saa moja inatoka saa mbili na nusu, na kutoka kanisani hadi pale hotelini ni dakika kumi kwa miguu.

Msomaji wenu,
Fundi wa tairi, Nakuru