Shoga, nisomee hii CRP ya baba

Shoga angu,

Salamu za haraka haraka, watoto hawajambo, mie mzima, mama anakusalimia. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba na najua Profesa kakwambia nimenuna. Mwambie sijanuna, nilikuwa wodini.

Baba alipigwa na kiharusi. Kile cha donge kuziba mshipa, sio cha kuvuja damu. Aliamka mkono wa kulia umelala, maneno hayatoki, anatuangalia tu. Sasa imefika miezi mitatu, anatembea mwenyewe, anaongea ingawa majina anayachanganya (mimi naitwa kwa jina la shangazi, nishazoea). Kinachoninyima usingizi ni karatasi ya maabara, ndo maana nakuandikia wewe mtu wa maabara.

Siku ya nne wodini walimpima CRP, ile protini ya damu inayopanda mwili ukiwaka moto kwa ndani, ikaja 62 (miligramu kwa lita). Nikaambiwa tu "ipo juu", aliyesema kashageuka kaenda zake. Usiku ule nikaingia mtandaoni, kosa langu mwenyewe, nikasoma kwamba wagonjwa wa kiharusi ambao CRP yao iko juu, na ile IL-6, kijumbe cha kinga ya mwili kinacholiamrisha ini liitengeneze, ndo wanaofariki zaidi na ndo wanaobaki na ulemavu mkubwa. Nikaenda kulia chooni mama asinione.

Na kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Baba alikuwa anapaliwa! Nikimpa maji kijiko kimoja tu anakohoa mpaka machozi, sauti inabaki kama ina makohozi, siku ya tatu joto likapanda. Koo lilikuwa limelegea, vitu vinashukia mapafuni, akapata nimonia. Yule daktari kijana ndo alinikalisha akanielewesha kwamba ubongo ukikosa damu wenyewe unapandisha CRP zile siku za mwanzo, lakini nimonia ikiingia inaipandisha zaidi, na kwa namba moja huwezi kujua kipi kimeleta ngapi. Kwa hiyo 62 haikudanganya, maana nimonia yenyewe inaua watu wa kiharusi, ila mimi nilikuwa nalilia ubongo kumbe kesi iko kifuani. Antibayotiki zilipokubali ikashuka upesi, anasema mwili ukiacha kuitengeneza inapungua nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Haya. Wiki iliyopita kapimwa tena, 4.8. Chini ya 10, nikapiga vigelegele. Halafu nikasoma tena (sisikii mwenzio), kumbe kwenye hatari ya moyo na mishipa wanapenda iwe chini ya 1, ukivuka 3 uko kundi la juu. Vigelegele vikanikwama.

Kaka naye kaja na lake, kasoma kwamba kolkisini, ile dawa ya jongo, inazima huo moto wa ndani ya mishipa, anataka baba aanze kesho. Daktari akasema imejaribiwa kwa watu wa kiharusi, majibu ya majaribio mawili makubwa yalitoka 2024, moja watu zaidi ya 3,000, lingine zaidi ya 8,000, na hakuna lililotoa ushindi wa wazi, tena inaharisha. Kasema tusiache statini, ambayo kolesteroli inashusha na CRP pia inaishusha, na aspirini, na presha tuishike. Kaka kanuna. Huyo ndo kanuna, sio mimi.

Narudi kwenye 4.8 yangu. Daktari anasema umri na ukali wa kiharusi siku ya kwanza vinatabiri kuliko CRP, yenyewe inaongezea kidogo tu. Sasa kidogo ndo kiasi gani shoga? Wana kipimo chao cha ulemavu, 0 mpaka 6, 0 huna dalili, 6 umekufa, baba wamempa 3. Jana alikaa ukingoni mwa kitanda anafunga shati kwa mkono ule mbovu, kifungo cha tatu kikamshinda, nikanyoosha mkono nimsaidie, akanichapa kofi. Kwa mkono ule ule! Sijui hiyo wanaipima wapi.

Sasa niambie. Siku ya kipimo alikuwa na mafua, hiyo haiwezi kuwa imeipandisha? Na fizi zake zinatoka damu tangu zamani, je? Nirudie baada ya muda gani, au najitafutia wasiwasi wa bure? Kuna tofauti na ile CRP wanayoandika "hs", maana karatasi hii haina hilo neno? Na wewe mgongo vipi, ulienda?

Nakutumia picha ya majibu usiku. Usimwonyeshe Profesa.

Mwenzio