Kaka Elia, usinunue hiyo Magnum

Missoula, Montana
12 Agosti

Kaka Elia,

Salamu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka bunduki moja ya boliti, ile unayoivuta kwa mkono kila baada ya risasi, uwindie kulungu huko Wyoming, na Jumamosi uende nayo uwanjani kulenga shabaha za mbali. Muuzaji naye anakusukumia ya risasi kubwa, .300 Winchester Magnum. Nakuomba usiinunue.

Mimi ndiyo niliyoanza nayo. Ina teke. Siku ya kwanza uwanjani bega lilivimba, na mwili ukajifunza woga: kidole kikigusa kifyatulio, jicho linafumba lenyewe. Msimu ule nikampiga kulungu tumboni. Tulifuata damu juu ya majani, tone hapa, tone pale, mpaka giza likatuzuia. Tulimpata asubuhi, nyama imeshaharibika. Mpaka leo inaniuma.

Chukua ya risasi ya 6.5 Creedmoor. Kampuni ya risasi ya Hornady waliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya walenga shabaha, wawindaji wakaipenda baadaye. Risasi yake ya gramu 9 ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo haipotezi kasi upesi na upepo hauisukumi sana. Teke lake ni dogo hata kuliko la bunduki ya risasi ya .308. Hiyo .308 nayo ni nzuri, na mtutu wake hudumu zaidi. Ukiipata kwa bei ya kueleweka sitakulaumu.

Kitakachokusumbua ni uzito. Bunduki ya shabaha ina mtutu mnene, na pamoja na darubini hufika hata kilo 6. Uwanjani inatulia kabisa, lakini ibebe mlimani kwa muda wa saa nne uone. Nyepesi kama Tikka T3x Lite ya Wafini haifiki kilo 3 bila darubini, ila mtutu wake mwembamba hupata moto haraka, na matundu kwenye karatasi huanza kutawanyika. Tafuta ya katikati, kilo 4 hivi na darubini yake, na uwanjani uwe na subira mtutu upoe.

Dukani, kwanza fungua boliti uhakikishe chemba, pale risasi inapokaa, haina kitu. Kisha fumba macho, weka kitako begani, fumbua. Kama jicho halijaangukia katikati ya darubini, kitako hicho hakikufai, hata kama bunduki inasifiwa vipi. Chukua noti ya dola uipitishe kati ya mtutu na ubao wa chini; ipite bila kukwama mpaka karibu na chemba, maana mtutu ukigusana na ubao risasi huhama njia. Kifyatulio nacho kisiburute, kikatike mara moja kama kijiti kikavu.

Usimalize pesa zote kwenye bunduki. Darubini nzuri inaweza kula kiasi kilekile, na risasi za mazoezi unazihitaji nyingi kabla ya msimu.

Jambo moja nakusihi, kaka. Kwenye shabaha ya chuma piga mita 800 ukipenda, chuma hakiumii. Kwa mnyama usizidi 300 mpaka uwe unagonga sahani ya chai kila mara kwa umbali huo, ukiwa umekaa chini na unahema, siyo umelalia meza.

Njoo wikiendi yoyote ya Septemba, nitakuazima yangu upige kwanza ndipo ununue. Mama Neema anasema umletee shemeji, wapike wote.

Wako,
Gasper